Sifa na Mtego Mtupu

Jumanne, 8 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya Mombo imepitika, kwa hiyo Daktari Husna amefika. Nilishuka mjini Lushoto kumpokea, kama ninavyofanya kila anapokuja. Mgeni haachwi apande mlima peke yake kana kwamba hana mwenyeji.

Husna ni daktari wa mifugo kutoka kituo cha utafiti. Bado kijana, ana adabu. Hushuka garini kwanza ndipo atoe shikamoo. Kazi yake hapa ni kuchukua damu ya farasi wangu wawili, Sifa na Kapteni, na kutega mbu bandani mwao. Anatafuta kirusi cha Naili Magharibi. Mbu hukitoa kwa ndege na kukipeleka kwa farasi na kwa watu. Mtu anaweza kukibeba akadhani ana mafua tu. Farasi huyumba.

"Farasi ni kengele yetu, Mwalimu," alisema.

Tamathali nimeikubali. "Kusampo" sikuikubali. Nilimwambia: kuchukua sampuli. Alicheka, akasema sawa, kisha akaenda kumsampo Kapteni.

Farasi hawa niliachiwa na mmisionari aliyerudi kwao alipozeeka. Watu walisema nitawauza kabla ya Krismasi. Wako hapa bado. Binti yetu Yusta huwapandisha watalii hadi kwenye genge la kutazamia nyika.

Banda lilikuwa safi kuliko chumba cha mchungaji. Husna alisema hajaona banda linalonukia vizuri namna ile. Modesta, mke wangu, alitazama chini, kama afanyavyo anaposikia jambo analokubaliana nalo.

Mtego umetundikwa jioni: taa ndogo, feni ndogo, mfuko wa wavu, betri ya pikipiki.

Jumatano, 9 Aprili

Mtego mtupu. Nondo wawili na kijidudu kimoja ambacho Husna alikitupa bila kukitazama mara ya pili.

Hali ni hiyohiyo tangu alipoanza kuja mwaka jana. Huko Mnazi, chini nyikani, anapima punda, na mfuko hujaa hadi wavu haupitishi mwanga. Kwetu, hakuna. Alisema labda ni baridi. Labda mbu bado hawajapanda milima. Modesta akamwongezea chai.

Mimi nimejikuna kisigino usiku kucha. Sikusema. Kisigino cha mtu mmoja si utafiti.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ibada ndefu. Msomaji wa somo la pili aliruka mistari mitatu, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Jirani yetu Zuhura hajatoka nje wiki nzima. Homa, kichwa, shingo ngumu. Hospitali walimpima malaria, hawakuiona. Wakampa dawa ya maumivu. Mumewe, Abdallah, nilimkuta bwawani akifungulia maji. Alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa ni msimamizi wa bwawa la kumwagilia lililo chini ya shamba letu, ambalo kabichi na karoti za kitongoji kizima hulitegemea. Maji yamekaa muda mrefu, yana rangi ya chai ya jana.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa mfungo wenu."

"Marahaba. Mama watoto anaendeleaje?"

"Anaendelea. Anasema kichwa chake kina watu ndani wanahama nyumba."

Nilimwambia atampata nafuu. Nilikosea: nilitaka kusema atapata nafuu. Hakutambua. Mimi nilitambua njia nzima.

Jumatatu, 28 Aprili

Sifa amejikwaa mara mbili akitoka bandani, mahali pasipo na jiwe. Yusta anasema midomo yake inatetemeka. Nimetazama. Inatetemeka, kama mtu anayesoma kimoyomoyo.

Nimempigia Husna.

Jumanne, 29 Aprili

Husna amefika bila kupokelewa, gari lote tope. Sikuwa na muda wa kushuka mjini. Alimtazama Sifa akitembea, akamwambia Yusta amzungushe, akasema, "Miguu ya nyuma." Amechukua damu. Kapteni alikuwa akilia upande wa pili wa ukuta muda wote.

Hakutega. Alisema anakwenda moja kwa moja maabara.

Jumanne, 6 Mei

Amepiga simu saa ya chakula cha mchana. Damu ya Sifa ina alama za kirusi kile, na ni maambukizo mapya. Hakuna dawa ya kukiua. Kuna kumtunza tu. Wengi husimama tena. Wengine hulala wasiamke.

Aliniomba radhi. Sikuelewa kwa nini mtu aombe radhi kwa kusema kweli. Nikamshukuru.

Jioni nilikwenda kwa Idrisa, mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza yote kwa utaratibu: jina la ugonjwa, unavyoenea, kwamba farasi haambukizi mtu. Modesta alisema nisiende. Alisema, "Baba Yusta, habari ya ugonjwa ukiitoa mlangoni mwako haikuulizi njia." Nilikwenda. Jambo la namna hii kiongozi hujulishwa.

Jumatano, 7 Mei

Watalii wawili waliokuwa wamepanga kupanda Kapteni wameghairi. Mtu wa maziwa amepita bila kusimama. Mtoto mmoja njiani alimwuliza mamaye kwa sauti kubwa, "Ndiyo wale wa farasi?" Mama akamziba mdomo, akaniamkia kwa heshima zote.

Jumamosi, 10 Mei

Abdallah amekuja. Alikataa kuingia ndani, akakataa kiti. Nilijua basi si ziara.

Maneno yake, kwa ufupi: Zuhura amepona nusu, kichwa bado. Kitongoji kinaogopa. Farasi yule aondoke.

Nilimwuliza aende wapi.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini akifa mtu hapa, nitakuheshimu vipi?"

Nikamweleza tena: mbu ndiye mwenye kueneza. Farasi naye ameumwa na mbu, sawasawa na mtu.

"Mbu gani?" akasema. "Daktari wenu ametega mwaka mzima hapo bandani. Kila akitoka tunamwuliza, anasema hajapata. Mbu hayupo, ugonjwa upo. Basi umo ndani ya farasi."

Hoja imepangwa vizuri. Hitimisho linatokana na madokezo yake. Nilimfundisha mimi mwenyewe kupanga hoja namna hiyo, kidato cha pili.

Idrisa ameitisha mkutano Alhamisi.

Jumatatu, 12 Mei

Husna alikuja kutega tena kabla ya mkutano. Nilishuka mjini kumpokea, lakini alinipigia nikiwa njiani: gurudumu limepasuka Soni, atachelewa. Nikarudi nyumbani.

Kabla ya kufika nikaona moshi ukitoka bandani. Nilikimbia. Kwa umri wangu nakiri haikuwa mbio, lakini nia ilikuwa ya mbio.

Hapakuwa na moto wa hatari. Modesta alikuwa katikati ya banda, kanga kiunoni, akipunga chungu cha makaa chenye mzumbasha mbichi — yale majani ya harufu kali ambayo mama zetu hufukizia nyumba ili mbu watoke. Yusta alikuwa amekwisha kumwaga maji ya hori, kulisugua na kulifudikiza. Vidimbwi vya uani vilikuwa vimefukiwa majivu. Kuta zimepigwa ufagio hadi kwenye paa. Mbu waliokuwa wamejificha kwenye nyasi za dari walikuwa wakitoka dirishani kama wanafunzi kengele ya mwisho ikilia.

"Unafanya nini?"

"Mgeni anakuja," alisema.

"Mgeni anakuja kutafuta mbu!"

"Ndiyo maana."

Nilikaa kwenye gogo. Nikamwuliza kama hufanya hivi kila mara. Alinitazama kama nimemwuliza kama huosha vikombe.

"Baba Yusta, mtu akitoka kwao kuja kutafuta chawa kichwani mwako, wewe utamfugia? Aende Mnazi akaseme nyumba ya mwalimu ina mbu kuliko kwao? Mimi nimetoka Mgwashi kuja kuolewa hapa. Sikutoka kuja kuaibishwa na mbu."

Alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kishambaa. Dalili mbaya.

Nilimweleza taratibu. Mtego mtupu ndio ushahidi wa Abdallah. Kwa mtego ule Sifa atauawa.

Chungu kilibaki mkononi mwake. Moshi ukampanda usoni, hakuusogeza. Kisha akamtazama Sifa, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, miguu ya nyuma imeachana kama ya meza mbovu.

"Mbona hukusema?" aliniuliza.

Kila Husna alipokuja kutega mimi nilikuwa mjini kumpokea, kama ilivyo desturi, na Modesta alikuwa nyumbani kuandaa, kama ilivyo desturi. Na moshi wa mzumbasha umo katika nyumba yetu tangu tulipooana. Sisikii tena harufu yake, kama nisivyosikia saa ya ukutani.

Jumanne, 13 Mei

Mtego mtupu, bila shaka.

Modesta alimwambia Husna mwenyewe, wakati wa chai. Hakupunguza neno. Husna aliweka kikombe chini.

"Mama... kila mara?"

"Kila mara. Na Pasaka mara mbili."

Husna aliinama akaficha uso. Nilidhani analia. Alipoinua kichwa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na nadhani yalikuwa mchanganyiko. "Mwaka mzima! Mama, nimeandika kwamba huku juu hakuna mbu. Nimesimama mbele ya wakubwa wangu nikasema hivyo!"

"Chai inapoa," Modesta alisema.

Baadaye Husna alisema kwamba kosa ni lake pia: alinusa, akadhani ni nyasi. Ningeongeza kwamba hakuuliza. Sikuongeza.

Alhamisi, 15 Mei

Mkutano, uwanja wa shule. Watu wengi kuliko mkutano wa maji. Nitaandika kwa mfuatano.

Idrisa alifungua. Abdallah akasimama, akasema yale aliyoniambia, safari hii kwa sauti. Hakunitukana. Alisema, "Mwalimu ni mzazi wetu, lakini mnyama yule si ndugu yetu." Watu waliguna kwa kukubali.

Husna alieleza. Alisema kirusi kikiingia kwa farasi kimefika mwisho wa njia. Mbu akimnyonya farasi mgonjwa hapati cha kumpelekea mtu. Alieleza vizuri. Mtu wa nyuma akauliza, "Na mbu asiyekuwepo anampelekea nani?" Uwanja ukacheka. Kicheko cha watu wenye hofu ni kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Nilikuwa najiandaa kusimama. Modesta akasimama kabla yangu. Hajawahi kusema mkutanoni tangu nimjue.

"Mbu wapo," alisema. "Niliwafukuza mimi."

Akakaza kanga kiunoni.

"Kila daktari akija nilifukiza mzumbasha, nikafagia, nikamwaga maji. Sikujua. Nilidhani ni mgeni kama mgeni mwingine."

Mwanamume mmoja akasema mke wa mwalimu anatetea mali ya mumewe. Nikageuka kumtazama, akanyamaza, lakini lilikuwa limekwisha kusemwa, na niliona vichwa vikitikisika kukubali. Ndipo ikatoka sauti upande wa wanawake. Alikuwa Zuhura, mke wa Abdallah, amefunga kitambaa kichwani kwa nguvu kama anayezuia kitu kisitoke.

"Kwani nani hapa hafagii? Bwana afya akija kukagua, si nyote mnajua? Mwaka juzi mimi nilimficha mbuzi chumbani kwa mama mkwe!"

"Na akalala kitandani!" mama mkwe mwenyewe akajibu kutoka nyuma.

Hapo kikawa kicheko cha aina nyingine. Wanawake wakaanza kutajana: nani alitandika majani mapya chooni, nani alikoroga uji mlangoni ili harufu ifunike. Abdallah alikuwa anamtazama mkewe. Hakucheka.

"Waghosi, wazee wangu, tulieni! Na akina mama!" Idrisa alipiga meza. Akatoa uamuzi: utegwe upya, pasifagiliwe wala pasifukizwe. Utegwe bandani na utegwe bwawani.

"Bwawa linahusu nini?" Abdallah akauliza.

"Mbu huzaliwa majini, kaka," Husna alisema.

Kicheko kiliisha kama kimekatwa kwa panga. Karibu kila mtu pale ana kabichi. Miche imehamishiwa shambani wiki hii, na mvua ziko mwishoni. Bila bwawa haitafika Julai.

Uamuzi kamili: mtego ukionyesha mbu, mkutano utakaa tena. Usipoonyesha, Ijumaa ya wiki ijayo ataletwa bwana mifugo na sindano. Mikono iliinuliwa. Yangu pia. Utaratibu ulikuwa sahihi.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda ibadani. Mara ya mwisho kukosa nilikuwa nimelazwa.

Sifa alilala alfajiri, hakuweza kuinuka. Farasi asilale muda mrefu. Mapafu na ngozi havistahimili. Yusta alishona magunia manne yakawa mbeleko, tukaipitisha chini ya tumbo lake, tukafunga kamba kwenye boriti na kuvuta. Watatu tu. Zamani ningepiga yowe majirani wakajaa.

Amesimama — kwa maana ya kwamba kwato zinagusa chini. Anakula ukimlisha mkononi. Modesta amekaa naye tangu asubuhi akimsema: mvivu, mpenda kubebwa, bibi harusi asiyetaka kutoka chumbani. Sifa anasogeza sikio moja.

Upepo umebadilika. Baridi ya Juni inakuja kabla ya wakati wake. Nilimwuliza Husna kwa simu kama mbu huruka kwenye baridi. Alisema, "Wachache, Mwalimu." Kisha akasema, "Kukiwa baridi sana, hawaruki."

Nimetazama anga kutwa, kama mkulima.

Jumatatu, 19 Mei

Mawingu yamerudi. Joto kidogo. Nisiandike kwamba nimefurahi. Niandike kwamba kipimajoto cha dirishani kimepanda.

Leo tumempokea mgeni kwenye uchafu. Hori limejaa maji ya tangu Alhamisi. Vidimbwi viko wazi. Utando wa buibui juu ya mlango. Modesta alikaa jikoni amefumbata mikono, akiishika ili isifanye kazi. Husna alipoingia uani, Modesta alimpa pole, kana kwamba mgeni ndiye aliyefiwa.

Idrisa alikuja kushuhudia, na Abdallah pamoja naye, wasije watu wakasema tumeleta mbu kwenye kopo. Abdallah aliingia bandani kwa mara ya kwanza. Alimtazama Sifa ndani ya magunia. Alitazama kamba, boriti, mafundo.

"Fundo hili litateleza," alisema.

Akalifungua, akalifunga upya, akatoka nje.

Mtego mmoja umetundikwa kwa Sifa, mwingine kwenye mkaratusi wa bwawani.

Jumanne, 20 Mei

Mfuko ulikuwa mweusi!

Husna aliushika juu dhidi ya mwanga, akasema, "Alhamdulillahi." Modesta akasema, "Amina," kisha akagundua anashukuru nini, akafunika uso kwa kanga. Husna alitaka kuwahesabu palepale. Modesta alimsihi asiwahesabu mbele za watu.

Wa bwawani walikuwa wengi zaidi. Idrisa aliona. Abdallah aliona. Aliingiza mkono majini kando ya ukingo akauinua: kwenye kiganja chake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikijikunja. Akasimama nao mpaka maji yote yakamchuruzika vidoleni.

Husna amewapeleka mbu maabara kwenye barafu. Majibu ya kirusi yatachukua wiki kadhaa. Lakini alisema waziwazi: wasingoje majibu. Bwawa likaushwe sasa, likae kavu mpaka tope la chini lipasuke, kisha lijazwe maji mapya. Hata ikiwa Sifa atakufa kesho, alisema, mbu watabaki, na wana watu wa kuuma.

Jumatano, 21 Mei

Idrisa amekuja asubuhi. Alikunywa uji wote kabla ya kusema lililomleta.

"Mwalimu, mbu wapo. Nimewaona. Lakini kuwapo kwa mbu si kusema wana kirusi."

Ni kweli. Sikuweza kumkosoa.

"Watu wamegawanyika. Wengine wanasema farasi auawe, na bwawa libaki. Ni rahisi: farasi ni mmoja, ni wa mtu mmoja. Kabichi ni za wote. Nitawakusanya tena kesho mapema, kwangu, wenye mashamba tu. Watakaloamua watalifanya kesho hiyohiyo."

Nikamwuliza kama niitwe. Akasema mimi sina kabichi.

Mchana Zuhura alikuja jikoni, peke yake, kwa njia ya nyuma. Nilikuwa chumba cha pili. Sikujificha, wala sikukohoa. Alimwuliza Modesta kama farasi naye huumwa kichwa. Modesta alisema hawezi kujua, ila hapendi mwanga. Zuhura akasema, "Hata mimi." Kisha akauliza kama anaweza kumwona. Walikwenda bandani, nikasikia Modesta akimwambia ampe majani mkono ukiwa umekunjuliwa, asije akaumwa vidole.

Alirudi kwao na fungu la mzumbasha chini ya kanga.

Abdallah alikuwa bwawani alasiri yote. Suruali imekunjwa hadi magotini, haingii majini wala hatoki. Yusta anasema alipopita alimsikia akihesabu matuta ya kabichi, anafika mahali anaanza upya.

Alhamisi, 22 Mei

Asubuhi. Ukungu, halafu jua. Naandika nikiwa dirishani.

Sifa alilala tena kabla ya mapambazuko. Fundo halikuteleza, gunia moja ndilo lililochanika. Yuko chini, kifua kimeinuka, miguu ya mbele imekunjwa sawasawa. Hiyo ni afadhali kuliko kulala ubavu. Yusta anashona. Tunahitaji watu sita kumwinua. Tuko watatu, na mmoja ni mimi.

Nimempigia Husna. Yuko Mnazi kwa punda wake. Atafika jioni kama barabara itamruhusu.

Kikao cha kwa Idrisa kimekwisha. Nimejua kwa sababu watu wanapanda njia yetu. Wanaume kumi hivi, kila mmoja na jembe begani. Abdallah ametangulia.

Modesta ameingia. Amewaona naye. Anasema nitoke niwaulize. Nimemwambia mtu aliyebeba jembe haulizwi anakwenda kuchimba nini, husubiriwa aseme. Ameniambia maneno ya Kishambaa ambayo sitayaandika. Amefunga kanga kiunoni, ametoka yeye, amesimama mlangoni mwa banda, mikono kwenye miimo yote miwili.

Wamefika getini. Abdallah ameniona dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Nimeitikia. Sauti yangu imetoka sawasawa.

"Amesimama?"

Nimemwambia hapana. Nimemwambia tunahitaji watu.

Amegeuka kuwatazama wenzake. Mmoja anamwambia kitu. Abdallah anatikisa kichwa, sijui anakataa au anamkanya. Hapo getini njia inagawanyika: kushoto ni bandani kwetu, kulia ni bwawani. Nyuma yao kabisa, akipumzika kila hatua chache, anapanda Zuhura. Ana ndoo mbili tupu, moja ndani ya nyingine. Jembe huchimba kaburi, na jembe hukata ukingo wa bwawa, ila kaburi halichimbwi kwa ndoo.

Lakini wamesimama pale njia inapogawanyika, na hakuna bado aliyeinua mguu.